Mtu wa Baadaye

Jamani, kununua gari si mchezo. Kumbe hununui gari lako. Unanunua gari la mtu mwingine, wewe unalikalia kwa muda tu. Na huyo mtu humjui. Hajawahi kula kwako, ada ya watoto hachangii, lakini rangi anachagua yeye.

Ndivyo walivyonielimisha wataalamu wa kijiweni kwetu Kwenjugo, hapa Handeni. Mimi nilisema nataka Noah, basi. Watoto wengi, mama mkwe mmoja, mabegi hayaishi. Wakauliza rangi gani. Nikasema yoyote, mradi litembee. Walicheka! Mmoja akamwaga kahawa. Eti yoyote? Chukua nyeupe bana, au silva. Siku ukikwama, asubuhi unatangaza, jioni hela mkononi. Rangi za ajabu utazeeka nazo. Halafu angalia herufi kwenye namba. Namba C bei ya huruma. Namba D ina heshima kidogo. Namba E ni ya wenye nazo. Injini hakuna aliyeitaja. Wanajua mpaka ushuru wa uchakavu wa TRA, ule unaoongezwa gari likiingia nchini limezidi miaka 8. Baiskeli tu ndiyo hawana.

Nikarudi nyumbani na elimu yangu. Mama Zaituni yeye ni Msambaa wa Korogwe, kelele hana. Akasema anataka damu ya mzee. Nikamwambia mke wangu, rangi hiyo haiuziki. Akaniangalia. "Kwani tunanunua au tunauza?" Nikakosa jibu. Akaongeza, "Na hilo jeupe utaliosha na nini?"

Hapo alinimaliza. Handeni na maji mnatujua. Maji yetu ya bomba, lile bomba kuu la HTM, yanatoka Mto Pangani, huko huko kwao Korogwe. Yakigoma tunanunua kwa dumu. Vumbi letu jekundu sasa, hilo halijawahi kugoma. Gari jeupe hapa ni jeupe siku linapoingia, baada ya hapo linafanana na chungu. Uamue, uoshe gari au upike maharage. Na mtu wa baadaye hatakuletea hata kikombe.

Lakini mwanamume ni msimamo. Tukaenda Korogwe, mimi, Mama Zaituni na shemeji yangu, kwa dalali mmoja pale Manundu, moyoni nina nyeupe yangu. Alikuwa na Noah mbili. Nyeupe imewekwa mbele, inameremeta, matairi yamepakwa kiwi. Wenzetu maji wanayo. Damu ya mzee ilikuwa nyuma, chini ya mwembe, kuku amejilalia juu ya boneti.

Fundi tuliyekwenda naye akaanza kuigonga nyeupe ubavuni, mdogo mdogo, utadhani anabisha hodi. Mlango wa mbele ukalia. Wa nyuma ukawa bubu. "Puti hiyo, kaka." Nikatikisa kichwa kama mjuzi. Nikamgeukia dalali, nikamuuliza hiyo puti inakula mafuta sana au kawaida. Kimya. Shemeji yangu akajifanya anapokea simu.

Kumbe puti ni ule udongo wanaozibia bati lililobonyea kabla ya kupaka rangi. Sasa mimi ningejuaje? Fundi akafungua mlango, akachungulia kwenye bawaba. Bluu. Akaomba kadi. Kadi nayo inasema bluu! Mwenye nalo alilipaka nyeupe ili liuzike, TRA hakwenda kurekebisha kadi, hiyo safari akaniachia mimi. Yaani yule mtu wa baadaye aliyekuwa akimpambia gari ndiye mimi, nimesimama pale na kofia yangu.

Mama Zaituni hakunisema. Afadhali angenisema. Alikwenda zake mwembeni, akamfukuza kuku, akauliza bei. Dalali akaanza: mama, hii damu ya mzee ni rangi ya wakubwa, inatafutwa kweli. Mke wangu akaninyooshea kidole mbele za watu. "Huyu amefundishwa kijiweni kwamba haiuziki. Wamemdanganya?" Dalali akanitazama. Nikaona nisiwaangushe walimu wangu, nikasema haiuziki kabisa. Bei ikashuka. Akaigomea tena, ikashuka tena. Kama rangi inashusha bei ya kuuza, na ya kununua inaishusha vilevile. Mbona kijiweni hili halikutajwa?

Fundi akaikagua hiyo nayo, akaridhika. Tukaondoka. Shemeji kwenye usukani, maana mimi leseni sijapata bado. Mama Zaituni kiti cha mbele, miguu yake haipendi kubanwa. Mimi nyuma kabisa, na gunia la ndizi za mama mkwe.

Tulipofika Sindeni mama mmoja akapunga mkono. Ana mtoto mgongoni na jogoo kwapani. Noah barabara zetu hizi zinabeba abiria, atajuaje? Yetu ina kibao cha njano, cha gari binafsi, lakini nani anasoma kibao jua lile. Mke wangu akasema tumpe lifti. Akapanda, akanisukuma huko, jogoo akamweka mapajani kwangu. Kisha akafungua fundo la kanga.

"Konda, mtoto naye analipa?"

Mama Zaituni hata hakugeuka. "Ongea naye vizuri, atakupunguzia."