Dirisha la Chumba cha Sinema, kwa Mwenye Nyumba Asiyesikia

Ewe mwenye nyumba uliyeamua kutenga chumba cha kutazamia filamu na mpira, hongera. Sasa weka chini hiyo simu unayotaka kumpigia fundi alumini. Najua utakachomwagiza: kioo kutoka sakafuni hadi darini, ukuta mzima, kama ulivyoona kwenye picha ya hoteli. Hoteli ile inatazama bahari. Chumba chako kinatazama tangi la maji la jirani.

Kwanza simama kwenye kiwanja jioni, ujue jua linazama wapi. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, lakini Dar es Salaam na Mombasa zimejaa runinga zilizoelekezwa magharibi. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri kwa saa za kule hutufikia saa kumi na moja jioni, mpaka Waingereza warudishe saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba. Saa kumi na moja jua la pwani limeshainama, nalo huingia dirishani bila hodi. Utalipia king'amuzi ili utazame uso wako mwenyewe, sofa lako, na mpwa wako aliyesimama nyuma akitafuna karanga.

Kwa hiyo dirisha lisikabiliane na skrini, wala lisikae nyuma yake, maana macho huchoka kupigana na mwanga. Liweke ubavuni, upande wa kaskazini au kusini. Huku karibu na ikweta jua la mchana hupita juu sana, na bamvuli la kiasi linatosha kuzikinga pande hizo. Dirisha la magharibi bamvuli haliliokoi: jua la jioni hupenya chini yake.

Ukitaka projekta, jua kwamba hakuna projekta inayotoa mwanga mweusi. Weusi wa filamu ni giza la chumba chako tu. Ukiacha ufa wa mwanga, usiku wa kwenye filamu utakuwa wa kijivu, na jambazi aliyejificha utamwona kabla ya polisi. Usikimbilie tinti, hiyo hupunguza mwanga bila kuuzuia. Pazia zito linafaa kwa giza, mradi lipite kingo za dirisha pande zote na juu lifunikwe na pelmeti. Kwa joto, hata hivyo, limechelewa. Jua limeshavuka kioo, limeshaingia ndani, ndipo linakutana na pazia. Shata ya mbao iliyofungwa nje hulizuia kabla halijagusa kioo. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijua hayo, wakaweka kuta nene za mawe na shata zinazoweza kufungwa mchana bila kuinyima nyumba upepo. Inaniuma kuona maarifa hayo yakiachwa kwa ajili ya kioo cha buluu.

Sasa jirani. Ana haki ya kulala wakati wewe unalipua magari kwenye spika. Dirisha la kuteleza halibani vizuri, kwa sababu limeundwa lisogee. Dirisha la luva ndilo baya zaidi. Upenyo wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hauachi kinga ya sauti ivuke desibeli 20 hivi, hata ukuta wenyewe ukiwa wa zege tupu. Chagua dirisha la bawaba, lenye raba ya kuziba pande zote na kioo kinene cha milimita 6 au zaidi. Na anayekwambia pazia huzuia sauti isitoke nje anakuuzia pazia. Kazi yake ni kupunguza mwangwi humo ndani.

Usije ukasema, basi naziba dirisha lote. Chumba kisicho na dirisha, chenye watu kumi na spika nne, ni kibanda umiza, na hivyo viko mtaani tayari. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile mliyokwisha kuivuta, na umeme ukikatika hata hicho hakipo. Dirisha lifunguke, na likiwezekana lipate mwenzake upande wa pili ili upepo uwe na pa kutokea.

Lililo zito kuliko yote ni nondo. Tunazichomelea kwa hofu ya mwizi, kisha tunajaza chumba nyaya, mapazia na sofa za sponji ambazo moshi wake zikiungua ni sumu. Mlango ni mmoja. Kanuni za nyumba zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani hudai vyumba vya kulala na vya chini ya ardhi viwe na dirisha la kuokokea, lenye kizingiti kisichozidi sentimita 112 kutoka sakafuni; nondo zinaruhusiwa, ila lazima zifunguke kwa ndani bila ufunguo wala zana. Chumba chako cha sinema kinastahili hilohilo. Fundi aweke bawaba na komeo la ndani ambalo mkono wa nje hauwezi kulifikia. Kabla hujammalizia pesa yake, zima taa, mwite bibi na mtoto wa darasa la pili, kila mmoja ajaribu kufungua gizani. Wakishindwa, fundi arudi na mashine yake ya kuchomelea.