Barua ya wazi kwa wakubwa wanaopanga vifo vya lugha za kompyuta

Wakubwa wetu,

Sisi mafundi wa programu wa Lubumbashi tumepata habari za msiba: Python 3.9, mtoto wa Oktoba 2020, mmeizika Oktoba 2025, yaani hamtairekebisha tena. Miaka mitano kamili, kama mlivyoahidi. Ila ugonjwa hatukuuona. Jioni ya kifo chake ilikuwa bado inapiga hesabu za maduka ya dawa ya Katuba, haikosei hata faranga moja.

Kwetu mtu hafi hivi hivi. Tunaomba basi mje matangani. Mtakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na usiku mtalala papo hapo kama wafiwa wengine. Makala na unga wa bukari mtakuja navyo. Bia ya Simba mtainunua hapa hapa, hatutaki kuwachosha na mizigo. Siku ya mwisho ukoo utaketi kuuliza nani ameua. Msemaji wenu atavua kofia, amweleze mama mwenye duka kwa nini kitu alichokwisha kulipia, na kinachofanya kazi, lazima kiandikwe upya. Akitaja usalama, ataulizwa mwizi yuko wapi. Asiondoke kabla ya kuchangia jeneza.

Mengine ni madogo. PHP msiizike tena 31 Desemba, tunataka kula Mwaka Mpya. Go, ambayo matoleo mawili mapya yakitoka la kwako limekwisha, ipeni walau umri wa mbuzi.

Halafu kuna Java 8. Ni ya 2014, lakini anayeilipa kampuni ya Oracle atahudumiwa hadi Desemba 2030. Kumbe kifo chenyewe kina bei! Asiye na hela ndiye anayehamisha programu usiku, umeme ukirudi, kwa mega za kununua. Upakuaji unakatika karibu na mwisho, anaanza upya, na mteja halipi, kwa sababu haoni kilichobadilika. Nani amlipe? Betri za kompyuta mnazoandikia matangazo yenu zina kobalti ya Katanga. Hiyo hamjaipangia tarehe ya kufa.

Mtusamehe, wakubwa. Joto la Oktoba hapa ni kali.

Python 3.10 mmeipangia Oktoba 2026. Mvua zitakuwa zinakaribia, kwa hiyo turubai mtakalolileta lisiwe na matundu.

Wenu watiifu,
Mafundi wa Lubumbashi