Sifa za Mkono wa Jasi

Wako watu waliosifiwa kwa urefu wa ndevu, na wako waliosifiwa kwa wingi wa ng'ombe. Walakini jasi, ule unga mweupe unaogandishwa juu ya mkono wa mtoto uliovunjika, haijapata hata leo malenga wa kuipamba wala mwanazuoni wa kuitetea, ilhali huku Kalengera, katika njia itokayo Goma kwenda Rutshuru, sijaona mgeni aliyepokewa nyumbani kwa taadhima ipitayo yake.

Nasaba yake ni tukufu. Antonius Mathijsen, tabibu wa jeshi la Uholanzi, ndiye aliyeusugua unga huo katika vitambaa vya pamba mwaka 1851, ili majeruhi wa vita wachukulike bila mifupa yao kutikisika. Siri yake ni kiu: jiwe la jasi likiokwa hupoteza sehemu kubwa ya maji yake, na unga wake ukirudishiwa maji huyanywa kwa pupa, ukapata joto, ukaganda upesi. Mtoto akilihisi joto lile hupiga ukelele, na mama yake humtuliza kwamba ni dawa inafanya kazi, neno ambalo safari hii, kinyume cha mengi wanayoambiwa watoto hospitalini, ni kweli tupu.

Basi tazama utawala wake. Mtoto aliyekuwa jana akisukuma chukudu ya viazi, lile gari letu la mbao la kubebea mizigo, nyuma ya baba yake mdogo, na kuteka maji kwa bidoni la manjano, leo ameketi barazani, mkono umetundikwa shingoni kwa kipande cha kitenge, anatoa amri. Dada yake humfunga vifungo. Kaka yake hubeba mabidoni mawili. Na nyanya yake, ambaye tangu azaliwe hajamsamehe mtu aliyegusa bugari kwa mkono wa kushoto, humwona mjukuu akimega tonge kwa mkono huohuo na kulichovya katika sombe, naye akageuza uso kana kwamba ameona jambo zito juu ya mti wa avoka. (Ndiko alikoanguka, lakini hilo halitajwi wakati wa kula.)

Fauka ya hayo, jasi ina uadui na maji, na mvua ya nchi hii ya volkeno haina haya. Mtoto aliyetafuta miaka yote hujja ya kukwepa kuoga sasa amepewa na daktari mwenyewe, naye huitoa kila jioni kwa sauti ya kadhi. Mzazi, aliyekwisha kuufunga mkono kwa mfuko wa plastiki na kamba ya mgomba, hana rufani. Na ndani kabisa, mahali pasipofikiwa na kidole, jasi hufuga mwasho. Hapo ndipo akili ya mtoto inapochanua: hutafuta unyoya wa kuku, njiti ya ufagio, kalamu ya biki ya mwalimu, nawe huna budi kumnyang'anya kimoja baada ya kingine, maana jeraha lililochimbwa humo huoza gizani bila kuonekana.

Mzaha na ungoje kidogo. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vya samawati, au vikifa ganzi, ama maumivu yakizidi badala ya kupungua, usisubiri kupambazuke: mwamshe mwenye pikipiki, mtoto arudi hospitalini usiku uleule, jasi ifunguliwe.

Lakini fadhila yake kuu kwangu ni hii. Mji wa Rutshuru ulitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2012, ukatwaliwa nao tena mwaka 2022, na katika tawala zote zilizopita na kurudi barabarani hapa, ni jasi peke yake niliyoiona ikiingia madarakani huku tarehe ya kuondoka kwake imekwisha kuandikwa katika karatasi. Na majuma yake machache yakitimia, huondoka kweli. Huondolewa kwa msumeno unaotetemeka tu pasipo kukata ngozi, habari ambayo hakuna mtoto aliyepata kuisadiki. Mkono hutoka mwembamba, umepauka, una harufu ya gunia lililolowa, na mwenyewe huutazama kwa huzuni ya mtu aliyevuliwa ufalme, kwa kuwa kaka yake, aliyezihesabu siku kwa uangalifu kuliko daktari, amekwisha kusimama mlangoni na bidoni.