Yah: Ombi la Kusajili Mti Usiotoa Ubao

Kipili, ufukweni,
Rukwa.

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kampeni ya Kupanda Miti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa miche. Siku ile mlipoipanda huko juu Ufipa nilikuwepo, nikapiga makofi kama wenzangu. Shimo la mgeni rasmi lilichimbwa mapema ili asichafue viatu, na mpigapicha alipokosa picha nzuri, mche ukang'olewa ukapandwa upya. Juzi nilipita pale. Mbuzi wameshamaliza kazi yao. Katika taarifa yenu, hata hivyo, mche ungali hai na afya yake ni njema. Wanasema jina la mji wetu wa mkoa, Sumbawanga, maana yake ni tupa uchawi. Basi kuna mmoja uliosahaulika kabatini: wa miche kukua kwenye karatasi.

Kilichonifanya niandike ni fomu yenu. Nilikwenda kuandikisha mti. Karani akauliza: unatoa mbao? Hapana. Nguzo? Hapana. Matunda? Hauna hata ua. Shina lake, nikamweleza, ni mizizi na nyuzi zilizofumana, halina gome wala duara za kuhesabia miaka. "Basi huo si mti, mzee wangu," akasema, akafunga daftari.

Kijana amesema kweli. Ni kangaga. Lakini ni kangaga lenye shina, refu kunishinda, limesimama ukingoni mwa kijito kwenye korongo ambalo sitalitaja, maana nikilitaja mtaweka kibao cha mradi, na kibao kitataka nguzo. Ndugu zake duniani ni aina zaidi ya 600. Afrika Mashariki wanahesabika kwa vidole. Alsophila manniana, lenye miiba kwenye vikonyo, hukaa kwenye misitu yenye ukungu kama ya Usambara na Uluguru. Alsophila dregei huvumilia hata nyanda za nyasi, toka Afrika Kusini hadi kwetu, mradi miguu yake iwe penye unyevu. Jani lake changa hutoka limejiviringa kama mkia wa kinyonga.

Mbegu halina, kwa hiyo bustani ya miche haitawasaidia. Chini ya jani kuna vumbi la spora, hupeperuka, na likitua penye majimaji huota kitu bapa cha kijani, umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha. Hapo ndipo penye harusi. Bwana harusi huogelea kumfuata bibi harusi. Ndiyo, waheshimiwa, huogelea, ndani ya utando wa maji. Sisi watu wa ziwani hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Korongo likikauka hakuna harusi, hata mkileta turubai na spika. Na ndoa ikishafungwa, shina hurefuka sentimita chache tu kwa mwaka. Subira tunayo: Kipili tulizoea kuingoja Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913.

Sasa mnataka kuhifadhi chanzo cha maji kwa kupanda mikaratusi. Nimetafakari sana hekima hiyo, nikamkumbuka fisi aliyepewa bucha alinde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pale korongoni mahindi yanaanza mita 6. Nadhani sifuri ilisombwa na mvua.

Nje ya mipaka, kangaga hili ni mheshimiwa. Watu hukata mashina yake na kuyafanya vyungu vya kuoteshea okidi, ndiyo maana mkataba wa CITES, unaotufunga tangu 1980, unadhibiti biashara yake. Likitaka kwenda Ulaya linahitaji kibali. Likichomwa moto wa kusafishia shamba hapa nyumbani, halihitaji hata hodi.

Sisemi kwamba ninyi ndio wa kwanza kuumiza misitu. Wazee wa Kifipa walijenga malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, wakayeyusha chuma kwa mkaa, na misitu ikalipa gharama. Lakini wao walipata majembe. Sisi tumepata fulana za kampeni, tena saizi moja.

Ombi langu ni dogo: ongezeni safu kwenye fomu, muiite "Iliyosimama bila kupandwa na mtu". Mkija kuhesabu, mje na gambuti. Gari la ofisi halifiki, kwa hiyo mtatembea kama saa mbili, na huko hakuna mahali pa kufunga turubai. Kuhusu posho ya kutembea kwa miguu, hilo nawaachia ninyi na mhasibu.

Wenu mtiifu,
Mvuvi mstaafu wa dagaa