Jinsi ya Kupandisha Ubuntu Bila Kuizika Wifi

Kabla ya amri yoyote, tafuta waya wa USB wa simu. Draiva ya wifi ikigoma baada ya kupandisha mfumo, utahitaji intaneti ili upakue vifurushi vya kuirudisha intaneti. Simu yenye bando, ikichomekwa kwa waya, itakuvusha.

Tuchukue laptopu yenye kadi ya Broadcom inayotumia draiva ya wl, inayotoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Ya kwanza ilitoka na kerneli 5.15, ya pili 6.8. Kati ya namba hizo, watengenezaji wa Linux wamebadili funksheni, wamefuta nyingine, wala hawakumpigia mtu hodi. Nawatetea. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hukataa katakata mabadiliko yanayoharibu programu za watumiaji, lakini ulinzi huo hauzihusu moduli zilizo nje ya msimbo mkuu, kama hiyo wl. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wa kerneli, aliandika waraka mzima kueleza sababu, na umo humohumo ndani ya msimbo wa kerneli. Moduli hushonwa kwa vipimo vya kerneli moja. Ukiivalisha nyingine, inakataliwa. Na ikataliwe! Ingepenya ikiwa hailingani, ingeweza kuvuruga kumbukumbu ya mashine nzima.

Kwa hiyo usinakili faili za moduli (.ko) kutoka folda ya zamani ya /lib/modules kwenda mpya. Mkono utakuwasha, uzuie. Tegemea DKMS, chombo kilichozaliwa Dell, ambacho huhifadhi msimbo wa moduli ndani ya /usr/src na kuujenga upya kila kerneli mpya inapoingia. Ila hakijengi hewani: kinataka kompaila na faili za heda za kerneli ileile. Sakinisha linux-headers-generic, heda zije zenyewe kila kerneli ya kawaida inapopanda. Zikikosekana, onyo litapita katikati ya mistari mingine ya skrini, nawe utakuwa jikoni unachemsha chai. Chai isubiri.

Kabla ya kuwasha upya, andika dkms status. Hakikisha moduli imesakinishwa kwa kerneli mpya, si ya zamani peke yake. Ujenzi ukishindikana, fungua make.log ndani ya /var/lib/dkms ulisome kosa la kwanza kabisa. Yaliyo chini yake mara nyingi yamezaliwa nalo.

Kuna mtego mwingine. Moduli inaweza kujengwa vizuri na bado ikafukuzwa mlangoni, kwa sababu Secure Boot, ulinzi wa kuwasha mashine, hudai sahihi ya kidijitali. Ubuntu itakuomba ubuni nenosiri, kisha kompyuta ikiwaka itatoa skrini ya buluu inayongoja sekunde chache tu. Wengi huiacha ipite wakidhani mashine inakata roho. Bonyeza kitufe, chagua kusajili ufunguo, weka nenosiri lile. Na kerneli ya zamani usiifute bado. Menyu ya kuwashia, GRUB, itakupa njia ya kuirudia.

Dawa hasa ni draiva kuingia ndani ya kerneli yenyewe. WireGuard, moduli ya VPN, iliingia katika toleo la 5.6, mwaka 2020, na tangu hapo anayebadili mitambo ya mtandao humo hulazimika kuirekebisha nayo. Kadi nyingi za wifi za Intel nazo draiva zake zimo humo. Basi kama laptopu yako inakubali kubadilishiwa kadi, chukua bisibisi.