Harufu Isiyo na Mwenyewe

Mama, shikamoo. Na nyote mliopo barazani, salamu. Isomeni barua hii kwa sauti, Mjomba naye asikie bila kutafuta miwani.

Jana nimelala Winnipeg, mji ambao sikuwa na safari nao. Nilikuwa natoka Toronto kwenda Calgary. Ndege imejaa, kila mtu na simu yake, hakuna anayemsalimu jirani. Katikati ya safari ikaja harufu.

Huko kwetu harufu ina mwenyewe. Gari ya shamba ikianza kunuka, haijafika Amani watu wameshajua ni papa wa nani, anapelekwa harusi gani, na nani hakualikwa. Konda atafoka, kikapu kitapandishwa kwenye keria, safari itaendelea. Huku harufu isiyo na mwenyewe ni dharura.

Mhudumu mmoja, mama wa makamo, alianza kunusa. Akanusa jikoni, akanusa oveni. Akaenda chooni, na kabla ya kufungua akaugusa mlango kwa mgongo wa kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Kisha akafungua makabati ya mizigo moja baada ya jingine, ananusa makoti ya watu. Umeme wa jikoni ukazimwa na chai yangu ikafia hapo hapo. Sauti ya rubani ikaja kwenye spika inakoroma. Kumbe yeye ameshavaa maski ya oksijeni. Sisi tukaambiwa tutulie.

Halafu ikaja fomu. Wallahi, kuna fomu ya harufu! Imeanza saa ngapi, safu ya ngapi, imekaa au inakuja na kupotea, inafanana na nini: mafuta, waya unaoungua, kemikali, soksi chafu. Jirani yangu akasema soksi. Wa dirishani akasema gesi. Mtoto wa nyuma akamtaja babu yake, na babu akakana mbele ya mashahidi.

Mimi ilinijia doriani. Nikafumba macho, nikaivuta mpaka tumboni. Nikaiona Darajani wakati wa msimu, nikakuona Mama unaligonga kwa ukucha huku unabishana bei, na Baba nyumbani ameshatangaza kuwa kitu hicho kitaliwa uani, hakivuki mlango wake. Nilipofumbua macho, mhudumu amesimama juu yangu na mtungi wa oksijeni, ananiuliza kama kifua kinabana. Mtu mzima, na vyeti vyangu vyote mnavyovisifia mtaani, natiwa oksijeni kwa kutamani tunda. Nikavaa. Ningeeleza nini?

Nikiwa na maski usoni, nikakumbuka jinsi hewa ya humo inavyopatikana, na mjue kuwa haitoki kwenye feni. Katika ndege nyingi inachotwa ndani ya injini, pale hewa inapogandamizwa kabla haijakutana na mafuta ya kuungua. Inatoka ya moto, inapozwa na mitambo iliyo tumboni mwa ndege, ndipo inapuliziwa utosini mwetu. Karibu nusu ya unayovuta ni ile ile mliyokwisha kuitoa, imezungushwa na kupitishwa kwenye chujio. Chujio hilo ni hodari wa kunasa vumbi na vijidudu, lakini harufu hupita bila kupiga hodi. Basi sili ya injini ikivujisha oili kidogo tu, ndege nzima huweza kunuka soksi zilizovunda. Kwa hiyo soksi za kwenye fomu si matusi, ni taarifa ya fundi, na yule jirani niliyemcheka ndiye aliyejibu la maana. Boeing 787 imejitoa katika mambo haya, yenyewe inavuta hewa ya nje kwa kompresa za umeme. Yetu haikuwa hiyo.

Lakini msicheke mkapitiliza. Septemba 1998 marubani wa Swissair 111, kutoka New York kwenda Geneva, walisikia harufu chumbani mwao wakadhani ni kiyoyozi. Ulikuwa moto juu ya dari. Dakika kama 20 baadaye ndege ilianguka baharini karibu na Peggy's Cove, huku huku Kanada, na watu wote 229 wakafa. Yule mama wa makamo hakutabasamu hata mara moja, na mimi niliacha kumkasirikia kwa ajili ya chai.

Tukashushwa Winnipeg. Theluji, taa nyekundu, zimamoto wakaingia na vipimo vyao vinavyolia. Wakapima viti, wakapima sakafu, wakashuka kwenye mizigo. Hakuna kitu. Tukapewa kuponi ya chakula, nikala mkate wa kuku usiokuwa na harufu yoyote duniani. Mnamjua mtu anayefukiza udi chumbani kwake huku amekivika king'ora cha moshi kofia ya kuogea? Ndiye huyo alikuwa anautazama mkate ule kwa huzuni.

Na doriani langu halikuwa wazimu. Septemba 2019 ndege ya Air Canada Rouge iliyotoka Vancouver kwenda Montreal ilipatwa na harufu kali, wakatafuta wasione, marubani wakavaa maski, wakarudi. Chini kwenye mizigo kulikuwa na shehena ya doriani. Kisa hicho nilimsimulia mzimamoto mmoja pale mlangoni, kijana mwenye adabu. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza lile swali ambalo najua Mama umeshaliuliza hapo ulipo: wakilikuta humo chini, linapelekwa wapi, na mtu akitaka kulinunua anaandikisha jina kwa nani?

Hakucheka. Alitoa kalamu, akaniuliza nimekaa kiti gani, akaandika.