Namna ya Kuonekana Fundi wa Tovuti Bila Kupiga Hesabu

Sogea karibu nikupe siri. Mteja anataka ukurasa unaokaa vizuri kwenye simu na kwenye kompyuta, na wewe hesabu za asilimia huzipendi. Achana nazo. Mark Otto na Jacob Thornton walishazimaliza walipokuwa Twitter, wakaitoa bure Bootstrap, mkoba wa CSS iliyoandikwa tayari, mwaka 2011. Ichukue.

1. Anza na simu. Kwenye simu kila kitu kinashuka safu moja, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha hujanyanyua kidole.

2. Shika namba 12. Upana wote umekatwa safu 12, na 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Una visanduku vitatu? Kila kimoja kipe class ya col-md-4. Skrini ikifika pikseli 768 vinakaa sambamba. Ikipungua hapo, kila kimoja kinajaza upana mzima chenyewe. Una vinne? col-md-3. Mteja akija na huduma tano, col tupu itazigawa sawa, ila zitabanana. Mshawishi aongeze ya sita, zikae tatu juu, tatu chini. Hakuna mfanyabiashara anayechukia kuonekana ana huduma nyingi.

3. Hapa usifanye mzaha: nakili mstari wa viewport, ule unaoiambia simu itumie upana wake halisi, uubandike kwenye head ya HTML. Usipouweka, simu hujifanya skrini pana ya pikseli 980 hivi, na maandishi yanageuka sisimizi. Msomaji anayelazimika kukuza ukurasa kwa vidole viwili ili asome bei umemdharau, na ataondoka.

4. Ukurasa unayumba kushoto na kulia kwenye simu? Mara nyingi row, kile kisanduku kinachobeba safu, imeachwa nje ya container, kisanduku kikubwa kinachoishika. Row ina pambizo hasi pande zote mbili. Iingize ndani, itulie. Kama si hiyo, ni picha kubwa: ipe class ya img-fluid. Mteja akiona umetibu kwa neno moja, atakuheshimu. Mwache akuheshimu.

5. Siku ya kukabidhi, usihutubie. Shika ukingo wa dirisha la kivinjari, uvute taratibu mpaka visanduku vitatu vishuke vipangane kimoja chini ya kingine. Nyamaza. Akisema, “Hebu rudia,” rudia. Kisha mwambie afungue kwenye simu yake, kwa sababu wanunuzi wake watamkuta huko. Ankara mkabidhi kabla simu haijarudi mfukoni.